Upana wa Nyuki

Mgeni alifika saa saba mchana, Sikitu akiwa na tonge mkononi. Hakubisha hodi mwenyewe. Aliyebisha ni mjumbe wa mtaa, Bwana Gumbo, ambaye alikuwa na desturi ya kuingiza kichwa kwanza na salamu baadaye.

"Mama Sikitu, nimekuletea mgeni."

"Mwingine?" alisema Bi Siwema bila kuinuka mkekani. "Yule wa juzi hata shuka zake hazijakauka."

"Sasa nimpeleke wapi? Sheria unaijua. Mgeni wa nchi hulala kwenye nyumba kubwa kuliko zote."

Aliyesimama nyuma ya mjumbe alikuwa mwanamume wa makamo, mfupi, mwenye mikono iliyojaa makovu madogo meupe. Alikitazama chumba kimoja na sebule ile, akayatazama masufuria matatu ukutani, kisha akageuka kuangalia ng'ambo ya barabara. Huko lilisimama jumba la Mheshimiwa Kiluvia, Mpimaji Mkuu wa nchi, lenye ghorofa tatu na vyumba arobaini.

"Samahani," alisema. "Nyumba kubwa kuliko zote ndiyo hii?"

"Kwa kipimo, ndiyo."

"Na lile?"

"Lile ni banda la kuku," alisema Bwana Gumbo. "Huwezi kumlaza mgeni kwenye banda la kuku. Sisi si watu wa hivyo."

Kwa asiyewahi kufika Mwangwini, maneno ya mjumbe yanahitaji maelezo. Katika nchi ile kitu hakipimwi kwa kamba wala kwa rula. Mpimaji husimama hatua hamsini mbali nacho, hugonga debe mara moja, hutega sikio kwenye pembe ya shaba na kusikiliza kinachorudi. Mwangwi ukirudi mkubwa, kitu ni kikubwa. Ukirudi mdogo, ni kidogo. Usiporudi kabisa, kitu hakipo, na mwenye nacho hapaswi kuulizwa habari zake. Sheria hii ilitungwa zamani kwa nia njema, ili wanyonge wasidanganywe na wenye kamba fupi. Lakini wenye uwezo walitambua mapema kwamba ukuta ulioinamishwa huitupa sauti mawinguni, kwamba ukingo wa paa uliokatwa meno kama ya msumeno huitawanya, na kwamba ukuta uliopakwa lami na vumbi la makaa huimeza. Wakajenga hivyo. Ndiyo maana jumba la Mheshimiwa liliandikwa banda la kuku. Nyumba ya Bi Siwema, yenye ukuta mmoja wa mabati ulionyooka wima kuelekea barabarani, iliitikia debe kwa kishindo kilichomrudisha mpimaji nyuma. Ikaandikwa kasri. Na wenye makasri hulaza wageni, hufagia barabara na kubeba maji ya shughuli za taifa, kwa kuwa haionekani haki wakubwa wakae bure wakati wadogo wanataabika.

Sikitu alikuwa amekua ndani ya sheria hiyo na aliiamini. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, ametoka Chuo cha Vipimo miezi sita iliyopita akiwa wa kwanza katika darasa lake, na alifanya kazi Banda Kuu, kwenye Idara ya Mishono. Idara ilikuwa imemwahidi kwamba mwisho wa mwezi mafundi watakuja kuuinamisha ukuta wa mama yake. Bi Siwema hakuwa mtu wa kujisifu, lakini habari hiyo alikuwa ameshawapa majirani wote, na wengine aliwapa mara mbili.

Sikitu alinawa mkono. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Endelea kula. Naitwa Kapela. Natoka Usonge."

"Usonge ni wapi?" aliuliza Bi Siwema, akimsogezea bakuli.

"Mbali sana, mama. Mimi nimetembea wiki tano." Alinawa, akakaa. "Ila kuna kitu cha huku kilifika kwetu na kurudi siku hiyo hiyo. Ndicho nilichokifuata. Nauliza ni cha nani, kile ambacho wasafiri husema kinatoka huku na kupita angani bila kuonekana wala kusikika."

Sikitu alifurahi. Baadaye aliikumbuka furaha hiyo kuliko kitu kingine chochote cha siku ile, na kila alipoikumbuka masikio yalimwaka.

"Hicho ni Nyuki wetu, baba," alisema.

Akamweleza, kwa sauti ileile aliyoitumia mbele ya walimu siku ya kumaliza chuo. Nyuki ni bawa tupu, alisema. Hana kiwiliwili wala mkia, maana mkia ni ukuta, na ukuta hurudisha sauti. Hana pembe iliyosimama wima popote. Vinywa vya injini zake viko mgongoni ili walio chini wasizisikie, na pumzi yake ya moto huchanganywa na hewa baridi kabla ya kuachiwa. Mzigo wake wote huubeba tumboni. Hakuna kinachoning'inia nje. Milango ya tumbo lake imekatwa meno kama ya msumeno. Anaweza kwenda mpaka ukingo wa dunia na kurudi bila kutua, akinyweshwa mafuta hukohuko juu. Vitu vya angani, alieleza, hupimwa kwa rada, ambayo ni debe la umeme, na rada ilipompima ilirudisha mwangwi wa mdudu mdogo. Ndiyo maana katika daftari la nchi, na katika hotuba zote, yeye ni nyuki.

"Mwaka juzi alikuwa njiwa," aliongeza. "Kuna kazi kubwa imefanyika."

Hakusema kazi hiyo ni ya nani. Wakati huo alinyamaza kwa adabu tu.

Kapela alimeza tonge, akainyoosha mikono yake yenye makovu. "Mimi ni mfugaji wa nyuki," alisema. "Miaka thelathini. Nina mizinga mia na kidogo. Tuseme nilikuwa nayo."

Kisha akasimulia, bila kupandisha sauti. Siku ya soko, saa nne asubuhi, anga ikiwa safi kabisa, nusu ya mji wa Usonge ilinyanyuka na kuanguka. Walifukua watu arobaini na mmoja. Mlinzi wa rada yao kuukuu, iliyoko mlimani, aliapa kwamba hakuona kitu angani, na aliapa kweli. Na kwa kuwa angani hapakuwa na kitu, watu walitafuta mkosaji chini. Wakampata Kalunde, dada yake Kapela, aliyekuwa akiyeyusha nta kwenye mapipa nyuma ya soko. Walisema mapipa yake ndiyo yaliyolipuka. Sasa Kalunde amefungiwa ghala la pamba. Mavuno ya mtama yakiisha atapelekwa kwenye jangwa la chumvi na kuachwa huko bila maji, kama ilivyo sheria yao kwa aliyeua wengi.

"Nta," alisema Bi Siwema polepole.

"Nta, mama. Nta huungua. Hailipuki. Lakini ukishazika mtoto hutaki kusikia habari za nta."

Sikitu alilitazama bakuli. Alikuwa ameacha kula, na hakujua tangu lini.

Asubuhi iliyofuata alimpeleka mgeni kwenye Baraza la Vipimo, kama mwenye kasri anavyotakiwa kufanya. Alimpeleka kwa matumaini. Aliamini kwamba pametokea kosa, kwamba wakubwa hawajui, na kwamba wakijua wataandika barua siku hiyohiyo.

Barazani meza zimewekwa mshazari, na hakuna afisa anayekaa akimkabili aliyekuja. Huko ni adabu ya juu kwamba swali lililotupwa moja kwa moja lisirudi moja kwa moja. Jibu hupewa mtu mwingine, tena upande. Sikitu alikuwa ameizoea adabu hiyo tangu shuleni. Siku hiyo aliiona akiwa amesimama pembeni ya mtu aliyetembea wiki tano.

"Mheshimiwa," alisema Kapela, "chombo chenu kilipita Usonge siku ya soko?"

Mheshimiwa Kiluvia alikuwa mzee msafi mwenye sauti laini. Aliligeukia dirisha. "Binti Siwema amekua," aliliambia dirisha. "Mama yake hajambo?"

"Hajambo, Mheshimiwa," alisema Sikitu. "Mgeni wetu anauliza..."

"Hali ya hewa ya siku ya soko ilikuwa nzuri," Mheshimiwa alimwambia karani, ambaye hakuwa ameuliza chochote.

Wajumbe wengine wawili wa Baraza wakaanza mjadala. Mmoja alisema malalamiko yanayohusu nyuki ni ya Idara ya Mifugo. Mwingine akasema nyuki si mfugo, kwa kuwa hafungwi kamba. Wa kwanza akauliza kama Nyuki wa taifa ni malkia au mfanyakazi, maana malkia hatoki mzingani na hivyo hawezi kuwa alikwenda Usonge. Walilizungumza jambo hilo kwa muda mrefu, kwa heshima, kila mmoja akimjibu mwenzake kupitia kwa karani.

Hapo Sikitu alifanya kosa lake. Aliona shauri linapotea, akataka kusaidia. Alisimama.

"Waheshimiwa, mgeni wetu ni mtaalamu wa nyuki. Ana miaka thelathini katika kazi hiyo. Labda asikilizwe kama mtaalamu."

Kwa mara ya kwanza Mheshimiwa Kiluvia aligeuka kidogo. Alionekana amefurahi kwa dhati.

"Vizuri sana. Karani, muulize mtaalamu: nyuki akimuuma mtu, hupatwa na nini?"

Kapela alimtazama Sikitu. Sikitu akaitikia kwa kichwa, kumtia moyo.

"Hufa," alisema Kapela. "Mwiba hubaki kwenye ngozi, na matumbo yake hutoka."

"Kila mara?"

"Nyuki wa asali akimuuma mtu, kila mara."

"Karani. Siku ya soko Nyuki wetu alirudi?"

Karani alifunua daftari. "Alirudi saa tisa na robo, Mheshimiwa. Mzima."

"Basi hakumuuma mtu," alisema Mheshimiwa, akarudi kulitazama dirisha. "Imethibitishwa na mtaalamu wa upande wao wenyewe. Andika. Hata hivyo, kwa ubinadamu, mgeni apewe dawa."

Dawa ya kuumwa na nyuki, kwa mujibu wa kanuni za Mwangwini, ni kitunguu kimoja kilichokatwa, kipakwe panapouma. Karani alikileta juu ya kisahani. Kapela alikitazama kwa muda.

"Watu arobaini na mmoja," alisema. "Nitawagawia vipi?"

Karani akaandika: *Mgeni ameomba vitunguu zaidi.*

Walitoka nje, wakakaa kwenye ngazi za Baraza. Kapela alikuwa amekishika kitunguu mkononi, pengine kwa kusahau. Sikitu alitaka kusema samahani, lakini neno lilionekana dogo kama vitu vyote vya nchi yake. Mwishowe alisema lile alilokuwa amelificha, na tangu jana hakuwa akilificha kwa adabu tena.

"Baba, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Niliyemfanya kuwa nyuki. Alikuwa njiwa. Njiwa, rada yenu ya mlimani ingemwona. Tatizo lilikuwa kwenye mishono, pale sahani moja ya ngozi yake inapokutana na nyingine, na kwenye vichwa vya misumari. Hapo ndipo sauti ilikuwa inarudi. Chuoni nilikoroga uji wa lami na chuma kilichosagwa, miaka miwili, mpaka nikapata ule unaoziba bila kupasuka angani. Walinipa cheti. Mwalimu wangu alilia. Mimi pia nililia. Nilifikiri nimeisaidia nchi isigombane na mtu. Tuliambiwa kitu kisichoonekana hakimchokozi mtu."

Watu walipanda na kushuka ngazi, wakipita upande bila kuwatazama. Hatimaye Kapela alikiweka kitunguu chini taratibu, kama anayeogopa kukiumiza.

"Kina upana gani?" aliuliza.

"Kitu gani?"

"Hicho kitu chako. Siulizi mwangwi wake. Upana, toka ncha hii ya bawa mpaka ile."

Sikitu alifungua mdomo na kugundua kwamba hajui. Alijua mwangwi wake kwa pembe zote. Alijua unene wa kila mshono. Upana hakuwahi kuujua, wala hakumjua mtu anayeujua.

"Ndani ya Banda hairuhusiwi kuhesabu hatua," alisema. "Tunaingia tukiimba ili tusihesabu hata kwa bahati mbaya."

Kapela alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Mmekijenga na hamkijui. Sikiliza, binti. Nikirudi Usonge na neno 'nyuki' watanipiga mawe, na watakuwa na haki. Wao wanasema hakuna kitu kinachoweza kubeba kishindo kile kikapita bila kuonekana. Maneno hawayaamini tena. Wanaamini uwanja. Nataka mtu aliyekigusa asimame mbele yao, akipime kwa miguu yake mwenyewe, hatua kwa hatua, waone kilikuwa na ukubwa gani, halafu awaambie kilifichwaje. Basi. Siombi zaidi."

"Nitakihesabu," alisema Sikitu.

"Na kuja?"

"Na kuja."

"Usipunguze hata moja. Huku kwenu mna ugonjwa wa kupunguza."

"Sitapunguza hata moja, baba. Naahidi."

Nyumbani, Bi Siwema alisikiliza yote akiwa anachambua mchele. Alipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Na ukuta?"

"Hautainamishwa, mama."

Bi Siwema alipuliza pumba, akaendelea kuchambua ungo uliokwisha kuwa safi. "Nilishawaambia watu," alisema. Kisha akasema, "Wageni nimeshazoea. Nenda kabla sijapata maneno ya kukuzuia, maana ninayo mengi."

Banda Kuu ni jengo lenye baridi, kwa kuwa ngozi ya Nyuki haivumilii joto wala mvua. Akinyeshewa, mishono huvimba naye huanza kuwa njiwa tena. Kwa kila saa anayokaa angani, watu hukaa saa hamsini wakimziba. Huingia bila viatu, wamevaa soksi nene, wakiimba wimbo wa idara wenye mapigo yaliyovunjwa makusudi ili miguu isipate mwendo. Sikitu aliingia na zamu ya asubuhi. Alimwona kama alivyokuwa akimwona kila siku, mweusi kama kitako cha chungu, amelala chini na mpana, bila uso. Siku zote alikuwa akimwona mzuri. Kilichomtia aibu zaidi ni kwamba hata siku ile bado alimwona mzuri.

Alikwenda kwenye ncha ya bawa la kushoto. Akaweka mguu. Moja.

Wenzake waliimba. Naye alifungua mdomo kana kwamba anaimba, akahesabu. Alipita chini ya mshono aliouziba wiki iliyopita, na ule wa kabla ya huo. Alipofika tumboni, penye ile milango ya meno ya msumeno, alikuwa kwenye thelathini na tano. Hapo alihisi kuna mtu pembeni yake. Alikuwa Bwana Mfaume, mkuu wa mishono, mtu mpole aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, ndiye aliyemfundisha kulainisha uji kwa kidole.

"Sikitu. Midomo yako haifuati wimbo."

"Ndiyo, bwana."

"Unasali. Sema unasali, mwanangu. Kusali kunaruhusiwa."

Sikitu alisimama, mguu mmoja mbele. Lilikuwa neno rahisi, na alipewa na mtu aliyempenda.

"Nahesabu," alisema. "Hii ni ya arobaini. Naomba usinisemeshe, nisije nikapoteza."

Bwana Mfaume hakumsemesha. Badala yake alitembea naye, soksi zake zikiburuta, mpaka ncha ya bawa la kulia. Sikitu alipoweka mguu wa mwisho, mzee alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mimi niliwahi kuanza," alisema. "Mwaka wangu wa kwanza. Nilifika thelathini na moja, mtu akanisalimu, nikapoteza hesabu. Sijawahi kushukuru salamu kama ile. Nimeishi nayo mpaka leo."

"Ni sabini na nne, bwana."

"Usiniambie."

Lakini alikuwa amesikia, na aliyesikia hulazimika kutoa taarifa, na yeye hakuwa mtu wa kuvunja sheria. Alikwenda kutoa taarifa akijifuta macho.

Adhabu ya Mwangwini kwa anayetaja ukubwa usio wa mwangwi haina kiboko wala kifungo. Sikitu alisimamishwa uani, mpimaji akaenda hatua hamsini, akagonga debe mara moja, akatega sikio. Hakutega sana. Kisha akaandika kwenye daftari: *Hakikurudi kitu.* Kuanzia hapo Sikitu hakuwepo. Cheti chake kilikuwa cha mtu asiyekuwepo, kikachanwa. Bi Siwema aliandikwa kuwa hana mtoto, na majirani, ambao walikuwa watu wema, walianza kumpa pole kama tasa. Walinzi wa lango la nchi hawakumzuia Sikitu kutoka, kwa kuwa hawakuona cha kuzuia. Mmoja wao tu, alipopita, alinong'ona akiangalia pembeni kwamba kurudi haitawezekana. Mtu asiyekuwepo hawezi kufunguliwa lango.

Walifika Usonge mtama ukiwa umebaki mashamba mawili.

Uwanja wa soko ulikuwa umefagiliwa, lakini majivu yalikuwa bado yamo kwenye nyufa za ardhi. Watu walikusanyika upande mmoja. Mkuu wa mji, mwanamke mrefu aliyeitwa Mtemi Nyanso, alimtazama Sikitu kutoka juu mpaka chini.

"Kapela anasema umekigusa."

"Nimekigusa, mama."

"Ni mdogo huyu," alisema mtu kwenye kundi. "Amemwokota njiani."

"Kapela, umelipia nini kumpata? Asali?" alisema mwingine, na wachache wakacheka.

Sikitu aliweka mguu kwenye ukingo wa uwanja. "Moja," alisema kwa sauti. "Mbili."

Waliendelea kutaniana mpaka kumi na tano. Kwenye ishirini mtu alisema inatosha, hakuna kitu kinachoruka chenye ukubwa huo. Alipopita thelathini sauti zilipungua. Arobaini alikuwa katikati ya soko, na aliona kwamba watu wamegeuza vichwa. Wanatazama nyuma alikotoka, wanatazama alipo, kisha wanatazama juu. Mzee mmoja aliketi chini polepole. Kwenye hamsini Sikitu alianza kueleza huku akitembea, kwa maneno ya kawaida, jinsi kitu kipana kiasi hiki kinavyoweza kufanywa kisionekane: mkia unaondolewa, ukuta unainamishwa, sauti inatupwa upande, mishono inazibwa. Alitaja kila kitu isipokuwa mtu.

Kwenye sitini Mtemi Nyanso aliinua mkono. Hakumwambia Sikitu asimame; aliwaonyesha vijana wawili ghala la pamba. Mlango ulifunguliwa. Kalunde alitoka akiwa amekinga macho kwa kiganja, na Kapela akakimbia kama mtu mwenye nusu ya umri wake.

Sikitu aliendelea. Sitini na nane ilimfikisha mwisho wa uwanja. Mbele yake palikuwa na ukuta uliobaki kimo cha goti, na nyuma ya ukuta nyumba isiyo na paa. Ndani alikaa mwanamume kwenye kigoda, mbele ya mafiga yasiyo na moto, kama mtu anayesubiri chakula.

Kapela alimfikia, mkono wake ukiwa bado umeshika wa dada yake. "Inatosha, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Wameshaona. Huyu bwana alizika watu wanne wa humo. Usiingie."

Hakuna ambaye angejua. Sitini na nane ni nyingi. Zilikuwa zimemfungua Kalunde, na Sikitu angeweza kugeuka pale akapewa maji, pengine hata shukrani.

"Nilikuahidi sitapunguza," alisema.

Akasimama kwenye ukuta. "Hodi, baba."

Mwanamume hakuinua kichwa. "Hesabu nimeisikia tangu mwanzo," alisema. "Bado ngapi?"

"Bado sita."

"Na wewe, kwenye hicho kitu, kazi yako ilikuwa nini?"

Sikitu alitamani kuligeukia dirisha, lakini nyumba ile haikuwa na dirisha. Alimjibu yeye.

"Niliziba mishono. Uji uliokificha niliukoroga mimi. Bila mimi mngekiona kinakuja."

Mwanamume alikisogeza kigoda chake upande mmoja, kwa namna ya mtu anayempisha mwenye mzigo.

"Pita," alisema.

Akavuka ukuta. Sitini na tisa. Sabini ilikuwa kando ya mafiga. Sabini na moja, na mbili, mguu wake ukikwepa kikombe cha bati kilichobonyea. Sabini na tatu ilikuwa mahali palipokuwa na kitanda. Miguu minne ya kitanda ilikuwa imebaki imesimama.

"Sabini na nne," alisema. Akabaki palepale, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aondoke.